Programu za HDR za bure: barua kwa shoga yangu wa Lamu

Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, na mama anakusalimu sana.

Nimefurahi mno kusikia umepata kazi ya kupiga picha nyumba za wageni. Nyumba zile za mawe zinastahili mtu anayezijua kama wewe. Taabu uliyonieleza ndiyo taabu ya kila anayepiga picha ndani ya nyumba ya kale ya Lamu: ukipima mwanga wa chumbani, kiwanda chote, yaani ua ulio wazi katikati ya nyumba, kinakuwa cheupe hakionekani kitu, ukipima mwanga wa kiwanda, zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, na nakshi za plasta zinapotelea gizani. Jua la saa saba mchana na ukuta wa ndani vimepishana mno, picha moja haiwezi kuvibeba vyote. Ndiyo maana watu hupiga kadhaa, moja ya giza, moja ya wastani, moja ya mwanga mwingi, kisha wakaziunganisha. Kazi hiyo ndiyo watu huiita HDR: picha inayobeba pamoja penye mwanga mkali na penye giza.

Sasa la programu ya kuziunganisha uliyoniuliza. Usinunue kitu bado. Na ile programu ya wizi, iliyovunjwa kufuli, uliyopewa kwenye flashi, nakuomba uifute leo. Faili za namna hiyo ndizo njia kubwa ya virusi, na laptopu hiyo ndiyo riziki yako. Photomatix ni programu nzuri, sina neno nayo, ila ni ya kulipia, na toleo lake la majaribio hugonga chapa juu ya picha. Mteja hatakubali.

Anza na Hugin. Wengi wanaijua kwa kuunga picha za panorama, zile pana za mandhari, kwa hiyo wakitafuta HDR wanaipita. Lakini ukiisakinisha inakuja na programu ndogo mbili ambazo kwa kazi yako mimi naziweka mbele ya zote. Ya kwanza, align_image_stack, huzipanga picha zako zikalalana sawasawa hata kama kamera ilitikisika kidogo. Ya pili ni Enfuse. Hii inafuata mbinu waliyoichapisha Tom Mertens, Jan Kautz na Frank Van Reeth mwaka 2007: kila nukta ya picha inatazamwa katika zile picha zote, na ile yenye mwanga wa kiasi, rangi iliyokolea na mistari iliyo wazi hupewa uzito zaidi. Kiwanda kinachukuliwa zaidi kwenye picha ya giza, pembe za chumba kwenye picha ya mwanga. Matokeo yake yanafanana na chumba kilivyo mtu anapoingia, wala huhitaji kucheza na vitufe ishirini.

Luminance HDR, ambayo zamani iliitwa Qtpfsgui, inakwenda njia nyingine. Inajenga kwanza faili lenyewe la HDR, lenye mwanga wote, unaloweza kulihifadhi kwa muundo wa faili uitwao OpenEXR, kisha inalibana liweze kuonekana kwenye skrini. Njia za kubana ziko nyingi, na zimepewa majina ya watafiti waliozibuni: Mantiuk, Fattal, Drago, Reinhard, Durand. Jaribu Reinhard na Drago kwanza, zina utulivu. Fattal hutoa kila mkwaruzo wa ukuta, na ukiizidisha picha inakuwa kama mchuzi ulioshindiliwa binzari. Utaziona picha za namna hiyo kwenye matangazo ya hoteli, mbingu ya zambarau na kuta zinazong'aa. Mgeni akifika asikute nyumba nyingine. Chokaa nyeupe ibaki nyeupe, na kivuli kibaki kivuli, maana kivuli ndicho kinachoipa nyumba ya Lamu ubaridi wake.

Kama unapiga RAW, yaani faili ghafi za kamera, programu ya HDRMerge inaziunganisha na kukupa faili moja ghafi la DNG, ambalo utalisafisha kwa programu ya RawTherapee au darktable. darktable nayo inaweza kuunganisha yenyewe, ila hapo kamera isisogee hata kidogo.

Zote hizi za bure zimetolewa kwa leseni ya GPL, leseni ya programu huria, na hilo kwangu lina uzito kuliko bei. Mwezi Machi 2016 Google iliitoa bure Nik Collection, mkusanyiko wa programu za kuhariri picha, ambayo ndani yake mlikuwa na HDR Efex Pro ya kazi hii hii, na watu wakaishangilia. Oktoba 2017 ikanunuliwa na kampuni ya DxO, na matoleo mapya leo yanauzwa. Ilikuwa haki yao, mali ni yao. Lakini programu ya GPL ukishakuwa nayo hakuna wa kukunyang'anya. Waandishi wake wakichoka, mwingine ana ruhusa ya kuichukua na kuiendeleza. Mtu anayejenga kazi yake taratibu kama wewe anahitaji uhakika huo.

Upigaji sasa. Weka kamera kwenye stendi. Apacha (tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) visibadilike, ubadilishe kasi ya shata peke yake. White balance, ile inayorekebisha rangi ya mwanga, usiiache otomatiki. Canon yako ina AEB, inayopiga picha kadhaa zenye mwanga tofauti: iweke toa stopu mbili, sifuri, jumlisha stopu mbili. Kwa kuwa kila stopu ni mara mbili ya mwanga, picha ya mwisho itapata mwanga mara kumi na sita ya ile ya giza, na kwa vyumba vingi inatosha. Tumia taimu ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera. Zote tatu zitajipiga zenyewe. Pazia lifunge lisipepee, feni izime, na watoto wakae kando, la sivyo utapata mizuka kwenye picha, yaani vivuli vya vitu vilivyosogea.

Siku usiyokuwa na kamera, weka Open Camera kwenye simu. Nayo ni huria, ina HDR yake, na inaweza kukuhifadhia zile picha tatu mbalimbali ukaziunganishe baadaye kwenye Hugin, mradi simu iwe inaikubali Camera2, mfumo wa Android wa kuongozea kamera.

Piga daka moja, kile kibaraza cha mlangoni, na chumba kimoja unitumie picha zake tatu tatu. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, si kama picha, maana inazibana. Nitaziunganisha kwa Enfuse na kwa Luminance, nikurudishie zote mbili pamoja na mipangilio niliyotumia, uchague mwenyewe kabla mwenye nyumba hajaja kuzitaka.

Nisalimie nyumbani kote.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Mombasa