Baba hasomi tena Zaburi ya 91

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia kuhusu baba yangu. Tangu Korona ilipotangazwa kuwa janga la dunia, Machi 2020, alitusomea Zaburi ya 91 kila usiku kabla ya kulala. "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Mama aliitikia amina kutushinda wote. Barakoa tulivaa, mikono tulinawa, ibada tukaifuata redioni. Hatukumjaribu Mungu.

Mama akaugua hata hivyo. Wodini hatukuruhusiwa kuingia, kwa hiyo baba alimsomea zaburi ileile kwa simu, mama mwenyewe yuko kwenye oksijeni, hawezi kujibu. Siku ya tano akatutoka. Tulimzika watu wachache, tumesimama mbalimbali, na baba hakuna aliyethubutu kumkumbatia.

Huu ni mwezi wa pili Biblia yake iko kabatini. Kaka yangu naye akaja kusema kwamba tungekuwa na imani ya kweli mama angepona. Alisema mbele ya baba! Mzee hakujibu neno. Aliinuka akaenda kulala, na jua lilikuwa halijazama.

Nimetafuta mwenyewe katika Maandiko. Nimeona kwamba Ibilisi naye aliitumia zaburi hiyohiyo, Mathayo 4, akimtaka Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Nimewasoma Shadraka, Meshaki na Abednego mbele ya tanuru, mfalme akitaka kuwatupa motoni, nao wakamjibu: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo". Maneno hayo manne yamenishika mkono, Mchungaji, kwa sababu wale hawakuwa na imani haba, na bado waliacha nafasi ya kutookolewa. Paulo pia alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto, mgonjwa, wala hakumlaumu.

Lakini kumwambia baba naogopa. Marafiki wa Ayubu walimfaa zile siku saba walizokaa naye chini kimya; walipoanza kueleza ndipo wakamuumiza. Je, nami nikae kimya mpaka afungue kinywa mwenyewe? Au nimsomee, na nianzie wapi? Na kaka nimjibu nini bila kuvunja nyumba iliyobaki?

Jana usiku nilimsikia gizani: "Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu..." Akaishia hapo. Nilikuwa mlangoni. Sikujua kama nimmalizie mstari. Nikarudi chumbani kwangu.