Mkiiweka Mtwara kwenye kompyuta, wekeni na majiko yetu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili la mipango ya nishati huku kusini maana limenikaa moyoni.

Mimi nauza samaki Mikindani, nina friza mbili. Juzi mtoto wa dada yangu, yuko chuo, kanionyesha kwenye laptopu programu inaitwa OSeMOSYS, ya bure kabisa, unaiwekea mahitaji ya watu, vyanzo vya nishati, bei zake na miaka ya mbele, yenyewe inakupigia hesabu ujenge nini na lini ili gharama iwe ndogo. Nilifurahi sana, kumbe mkoa mzima unaweza ukaujaribu kwenye kompyuta kabla hujatoa hata shilingi, ukaona tukiongeza sola inakuaje, watu wakiacha mkaa inakuaje.

Nikamuuliza, sasa sisi wa huku umetuweka wapi? Akanionyesha namba moja ya mahitaji yetu, ya mwaka mzima. Hapo nikakataa. Huku mwaka haulingani. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa kumi, viwanda vya kubangua vinaamka, hela inaingia, watu wananunua friji na tivii, baada ya miezi michache mtu yule yule anaweka luku ya buku na anaibana mpaka iishe. Ukichukua wastani, hao watu wawili wote umewapoteza.

Afu kuna jikoni. Kwangu mita ipo, ila ukiingia jikoni maharage yanachemka kwenye mkaa na mtungi mdogo wa gesi uko pembeni, umeisha toka wiki iliyopita. Anaehesabu mita ataandika nyumba hii ina umeme, na hajakosea, lakini moto unaotulisha hajaugusa. Na mkakati wa taifa unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, sasa mtapangaje safari wakati hamjui mtu anaanzia wapi?

Gesi ya Mnazi Bay, huku huku Mtwara, iligunduliwa 1982, inasafishwa hapo Madimba na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar, kama kilomita 500. Iende tu, nchi ni moja. Ninachoomba modeli yoyote ya kusini, yaani hesabu kama ile ya kwenye laptopu, iulizwe na hili: kiasi fulani kikibaki kwa majiko yetu na viwanda vya korosho, kwa miaka 20 gharama inakuaje? Na majibu yabandikwe ofisi ya kata, kwa Kiswahili, pamoja na makadirio waliyoanzia, ili mama ntilie aweze kusema hapa mmekosea.

Wanaotafuta namba waje msimuni na waje tena msimu ukiisha, wafike Tandahimba, wafike Nachingwea, waulize gunia la mkaa linakaa siku ngapi. Kwangu waanze hata kesho, gunia nimelifungua tarehe moja na mzani ninao, ule wa samaki.

Muuza samaki,
Mikindani, Mtwara