Kabla ya kupanda Lushoto kwa baiskeli, tazama frewili na raba za breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wale wanaojiandaa kupanda milima ya Usambara kwa baiskeli za mbio. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, wapenzi wa baiskeli wamekuwa wakiulizana ni mlima gani wa kwetu wa kujipima. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto inastahili kutajwa mapema. Ina lami mwanzo hadi mwisho, haina mabasi ya mikoani yanayokimbizana kama ile barabara kuu iliyoko chini yake, na sehemu ndefu inapita kando ya korongo lenye maji. Ukitoka Mombo saa 12 asubuhi unaweza kupita kona kadhaa bila kusikia injini.

Wengi wanaoshindwa njiani hulaumu miguu au mapafu. Mara nyingi kosa liko kwenye meno ya frewili, yaani lile fungu la sproketi za gurudumu la nyuma. Na wanaoumia, huumia wakiwa wanashuka, kwa sababu raba za breki hazikutazamwa. Vitu viwili hivyo vinatengenezeka kwa fundi yeyote mwenye subira, kabla ya safari.

Nianze na kupanda. Mombo iko mita 400 na ushee kutoka usawa wa bahari, na Lushoto karibu mita 1,400. Ni kama mita 1,000 za kupanda ndani ya kilomita 33 hivi. Ukigawanya unapata mwinuko wa asilimia 3, na hesabu hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Wastani huo umechanganya vipande vya karibu tambarare na vipande vikali, na gia huchaguliwa kwa ajili ya kipande kikali kuliko vyote.

Baiskeli nyingi za mbio za mtumba zina meno 39 kwenye sproketi ndogo ya mbele, na nyuma sproketi kubwa kabisa ina meno 23 au 25. Kwa 39 na 25, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 3.3. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 10, akipanda mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa, anafanya kazi ya kutosha tayari. Kwa gia hiyo atazungusha pedali mara 46 tu kwa dakika, na kila mkandamizo ni kama kupanda ngazi na gunia begani. Magoti hayastahimili hali hiyo kwa saa mbili. Weka 34 mbele na 32 nyuma: mwendo ule ule, mapafu yale yale, lakini pedali zinazunguka mara 67 kwa dakika na mguu unapumua. Hakuna aibu yoyote hapo. Hata mabingwa wa leo, wale waliopanda jumla ya zaidi ya mita 5,000 kwa siku moja kule Kigali, hutumia sproketi za nyuma za meno 30 hadi 34.

Kabla ya kununua, hesabu na upime. Kranki, yaani mikono ya pedali inayobeba sproketi za mbele, nyingi za zamani zina matundu matano ya boliti yaliyopangwa kwenye duara la milimita 130, na kranki ya aina hiyo haipokei sproketi yenye meno chini ya 38. Usimlazimishe fundi atoboe au achomelee. Acha 39 mbele, ubadili upande wa nyuma. 39 kwa 32 inakupa mizunguko karibu 59 kwa dakika katika mwendo ule ule, na huo ni unafuu mkubwa. Ila tazama mkono wa gia wa nyuma, kile kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine. Mkono mfupi wa baiskeli za mbio za zamani mara nyingi huishia meno 27 au 28. Ukitaka 32 tafuta mkono mrefu, na mnyororo nao upimwe upya: uzungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye mkono wa gia, kisha ongeza pingili mbili. Mnyororo ukiwa mfupi, siku utakapoingia kubwa kwa kubwa kwa bahati mbaya, utaukwanyua mkono wote wa gia, na hapo safari imekwisha.

Hatari nyingine hutokana na usafiri. Baiskeli ikilazwa kwenye buti ya basi upande wa kulia, kile kipande kinachoshika mkono wa gia hupinda kidogo kuelekea spoku. Kwenye tambarare hutagundua kitu. Utakapofika kipande kikali cha kwanza na kuingia gia nyepesi kuliko zote, mnyororo utatumbukia kati ya frewili na spoku, au mkono wenyewe utazivaa. Kwa hiyo mara tu unaposhusha baiskeli Mombo, inua gurudumu la nyuma, ingiza gia nyepesi kabisa, kisha sukuma mkono wa gia kwa kidole kuelekea ndani. Ukisogea hadi kukaribia spoku, kaza kidogo skrubu ya kikomo yenye herufi L, robo mzunguko kila mara, mpaka usisogee tena. Hiyo ni kazi ya dakika mbili.

Sasa breki, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe. Kilo 80 zikishuka mita 1,000 zina nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya bomba. Sehemu ya nishati hiyo huondolewa na upepo, ikiwa una mwendo. Lakini anayeogopa kona akabana breki mfululizo kuanzia Lushoto hadi Soni anaukosa msaada wa upepo, na joto karibu lote linaishia kwenye ringi na raba. Ringi ikipata moto, hewa ya ndani hupanuka na gundi ya viraka hulainika. Kiraka kilichodumu miezi sita mjini kinaachia huku uko kwenye kona. Siku ya kushuka, magurudumu yote mawili yawe na tyubu zisizo na kiraka. Zenye viraka zikae mfukoni kama akiba.

Namna sahihi ni kubana kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kisha kuachia na kupinda. Ukibana katikati ya kona tairi linaombwa kazi mbili kwa pamoja, na penye mchanga linateleza. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo ujue iko mkono upi: baiskeli zilizotoka Uingereza na Japani kwa kawaida breki yake ya mbele iko mkono wa kulia, na zilizotoka nchi nyingine za Ulaya iko kushoto. Wengi hununua mtumba bila kuliangalia hili, kisha hulijua siku wanapobana kwa hofu. Kama hujazoea, mwambie fundi abadilishane nyaya.

Raba zenyewe zipimwe hivi. Kama mifereji yake imefutika, tupa. Kama zimekuwa ngumu na zinang'aa, zisugue kwa msasa hadi weusi mpya uonekane, na kwa pini chokoa punje za mchanga na vipande vya alumini vilivyojichimbia ndani, maana hivyo ndivyo vinavyoila ringi. Raba iguse ringi peke yake. Ikipanda juu inakata ubavu wa tairi hadi lipasuke. Ikishuka chini, kadiri inavyolika itapenya chini ya ringi na kuingia kwenye spoku. Acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kila upande. Ukibana mkono wa breki kwa nguvu zote bado vidole viwili vipite kati yake na usukani; kama havipiti, waya umelegea au raba zimekwisha. Chungulia pia kile kichwa cha waya kilichojificha ndani ya mkono wa breki. Nyuzi huanza kukatika hapo, moja baada ya nyingine, na waya mpya ni bei ndogo sana.

Weka rula ubavuni mwa ringi. Ukiona umebonyea kama sahani, ringi imelika, na ringi iliyolika hupasuka kwa shinikizo la tairi. Zile ringi za chuma zenye kromu, zinazong'aa, usiziteremshe Lushoto wakati wa mvua hata siku moja: zikilowa, breki hushika kwa kuchelewa mno. Za alumini nazo zikilowa hutaka uziguse kidogo mapema ili raba zifute maji kwanza.

Kuhusu upepo wa matairi, mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 28 anatosheka na psi 70 mbele na 75 nyuma. Mafundi wa bodaboda wana kompresa nzuri, lakini pua ya mpira wao haikai kwenye valvu nyembamba ya baiskeli za mbio. Beba kile kikofia cha shaba cha kugeuzia valvu. Hakina uzito wala gharama. Na uwe makini na namba 28. Tairi la baiskeli ya kawaida linaloitwa 28 kwa 1½, kwa inchi, hukaa kwenye ringi ya kipimo cha milimita 635, na la mbio linaloitwa 700C hukaa kwenye 622. Halitaingiliana hata ulipige nyundo. Soma namba ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa.

Barabarani, shuka ukiwa kushoto, na katika kona ya kulia usiukate upande wa pili hata kama hujasikia kitu. Lori la mboga linalopanda au Coaster hulazimika kuchukua upana wote kwenye kona kali, na dereva hawezi kukuona. Kokoto hukusanyika mahali njia za vumbi zinapoingia kwenye lami na mahali mifereji imefurika. Baada ya mvua za masika utakuta udongo na hata mawe yaliyoporomoka. Machi hadi Mei ni afadhali kuiacha barabara hii. Kuanzia Juni hadi Agosti ni pakavu zaidi, lakini kuna baridi na ukungu, hasa ukipita Lushoto kuelekea Magamba, kwa hiyo taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana. Njia za changarawe za kwenda Mtae ni nzuri kwa utulivu, ila zinataka tairi la milimita 35 au zaidi. Tairi jembamba litakuchosha bure, na udongo mwekundu ukilowa hujaza nafasi kati ya tairi na breki hadi gurudumu ligome.

Mombo kuna joto, kwa hiyo beba chupa mbili za maji na ujaze tena Soni, karibu katikati ya njia. Kabla ya kuanza kushuka, kunja kurasa mbili za gazeti la jana uziweke kifuani ndani ya fulana. Karatasi huzuia upepo vizuri, na mikono isiyotetemeka kwa baridi hubana breki vizuri zaidi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya vipuri Mombo na Lushoto. Wekeni tyubu tano za 700C zenye valvu nyembamba na jozi kumi za raba za breki za baiskeli za mbio. Haziozi wala hazichukui nafasi rafuni, na kwa sasa anayepasukiwa tyubu ya pili kule juu hana la kufanya ila kusubiri gari la kumteremsha.

Fundi baiskeli,
Korogwe, Tanga