Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: wakili uliyetuahidi matangani yuko wapi?

Mheshimiwa,

Mulembe. Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe na familia yako, na walinzi wako pia. Mimi ni mwalimu mstaafu na mpiga kura wako, mkazi wa upande huu wa mto Nzoia ambapo gari lako hupita mbio kila Jumamosi likielekea mazishini. Nimeshakuandikia barua mbili kwa mkono na kuziacha ofisini kwako pale sokoni. Karani alizipokea kwa heshima, akazigonga muhuri, na nadhani mpaka leo zimelala pale pale alipoziweka. Hii ya tatu naiacha wazi. Wengi wakiisoma, huenda mmoja wao akakusomea.

Jumanne iliyopita kesi ya shamba ya shemeji yangu, mjane wa ndugu yangu mdogo, ilifutwa. Ilichukua kama dakika nne. Tuliamka saa kumi usiku, tukapanda boda kwenye mvua hadi barabara ya lami, kisha matatu mbili hadi mahakamani, yeye akiwa amefunga faili lake ndani ya leso lisilowe. Kesi ikaitwa. Wakili wetu hakuwepo, kama ambavyo hakuwepo mara mbili zilizotangulia. Ofisi yake iko Eldoret. Asubuhi hiyo alituma ujumbe kwamba angeingia kwa mtandao. Mtandao ulikataa, au yeye ndiye aliyekataa, sijui. Wakili wa upande wa pili akasimama na kuomba ombi letu litupwe kwa kuwa hatuna nia ya kuliendesha. Hatuna nia! Mjane aliyeuza ng'ombe wawili wa maziwa apate ada ya wakili, leo anaambiwa hana nia.

Kesi hii unaijua, Mheshimiwa, maana ilianzia mbele yako. Tulipomzika ndugu yangu mdogo ulikuja, ukapewa kipaza sauti kabla hata ya mchungaji. Ulisema wewe ni wakili kabla ya kuwa mwanasiasa, na unajua jinsi wajane wanavyonyang'anywa mashamba. Ukasema mwaka hautakwisha kabla hapa sokoni hapajafunguliwa ofisi ya wakili ambaye serikali itamlipa kitu ili akubali kukaa na sisi. Watu walipiga makofi matangani. Nilikuwepo, na nilipiga makofi mimi mwenyewe.

Miezi michache baadaye jamaa mmoja wa ukoo alitafuta barua ya chifu, akaenda mahakamani kimyakimya kuomba awe msimamizi wa mali ya marehemu, mjane na watoto akawaacha nje. Tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali: mwenye pingamizi alete ndani ya siku 30. Mheshimiwa, nani hapa kwetu husoma Gazeti Rasmi? Magazeti yanayotufikia yanafungia maandazi. Siku zikapita, miezi sita ikapita, mahakama ikathibitisha usimamizi wake. Tulijua siku tuliyomwona mpima ardhi shambani.

Sasa najua kwamba kifungu cha 76 cha Sheria ya Mirathi kinairuhusu mahakama kufuta usimamizi uliopatikana kwa kuficha ukweli. Nimekijulia uzeeni, kwenye saiba, kwa kulipia kila ukurasa niliochapisha. Kama kungekuwa na wakili hapa sokoni, shemeji angeambiwa hayo mapema, mambo yakiwa bado mepesi. Badala yake alianza kwa kanjanja mmoja aliyekuwa akizungukazunguka nje ya mahakama na mkoba wa ngozi. Huyo alichukua shilingi 8,000 kwa hati ya kiapo iliyokosea hata jina la marehemu. Ndipo tukaenda Eldoret: 40,000 za kufungua faili, na 5,000 za mafuta kila kesi inapotajwa. Mafuta ya gari ambalo sijaliona.

Simlaumu sana kijana yule. Nadhani (wewe mwenzake utanisahihisha) kwamba ukishasomea uwakili kwenye chuo cha mawakili Karen kule Nairobi, ukatoka na mkopo wa masomo wa HELB mgongoni, huwezi kuja kufungua ofisi mahali ambapo mteja analipa kwa gunia la mahindi, tena baada ya mavuno. Labda pia hawataki watoto wao wasome kwetu. Lakini mbona walimu tunapelekwa? Mimi nilifundisha Turkana miaka 11. Sikwenda kwa sababu ya uzalendo peke yake. Kulikuwa na posho ya mazingira magumu, na ile posho ndiyo iliyonibakisha kila nilipotaka kuandika barua ya uhamisho. Kwa hiyo serikali inajua jinsi ya kumlipa mtu akae mbali na mji. Imefanya hivyo kwa walimu miaka mingi.

Na usiniambie haijawahi kufanyika kwa mawakili. Huko Marekani, katika jimbo la South Dakota, tangu 2013 wakili anayekubali kufanya kazi miaka 5 katika kaunti ndogo, zile zenye watu wasiozidi 10,000, hulipwa dola 12,513.60 kila mwaka. Hata senti wamezihesabu. Jimbo linatoa nusu, kaunti yenyewe asilimia 35, na wakfu wa chama cha mawakili asilimia 15. Walianza na nafasi 16 tu. Najua wale ni matajiri na sisi tuna madeni. Lakini 16, Mheshimiwa! Magari ya msafara wako Jumamosi ya juzi nilihesabu tisa.

Katiba uliyoapa kuilinda inasema kwenye kifungu cha 48 kwamba serikali itahakikisha kila mtu anaifikia haki, na ada ikitakiwa iwe ya kadiri, isimzuie mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa 2016. Shemeji akiulizia msaada huo anaambiwa aende mjini, na mjini ndiko anakotoka akilia.

Nilikuwa nimeandika orodha ndefu ya madai: mswada bungeni, posho kama yetu ya Turkana, basari kwa watoto wetu wanaosomea sheria kwa mkataba wa kurudi nyumbani miaka mitano. Nimeipunguza. Tuletee wakili mmoja. Si lazima awe na gari. Chumba kipo, nimeongea na mwenye jengo lililo karibu na posho mill, na kodi ya mwaka wa kwanza tutafanyia harambee sisi wenyewe. Wewe tafuta tu hela ya kumfanya akubali kukaa. Mmoja. Au njoo wewe mwenyewe siku mbili kwa mwezi, si bado una leseni?

Lakini fanya haraka. Ombi la kuirudisha kesi halisubiri uchaguzi, na jana jioni vijana wa mpima walipanda vigingi vipya. Kimoja kimelipita kwa hatua tatu kaburi la ndugu yangu, upande ule uliosimama wewe na kipaza sauti.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu