Ukungu wa mlimani hautaki taa kubwa

Mhariri,

Kuna msomaji wenu kaandika kwamba dawa ya ukungu milimani ni kufunga taa kubwa zaidi kwenye pikipiki. Hii siwezi kuiacha ipite, maana kuna mtu ataamini halafu ataingia bondeni taa zake zote zinawaka.

Ukungu ni vitone vya maji vinaelea hewani, na ule wa mlimani mara nyingi ni wingu lenyewe limekaa juu ya mlima na wewe umeingia ndani yake, sasa ukipiga fulu mwanga unagonga vile vitone unakurudia machoni, unabaki unaangalia ukuta mweupe. Tumia taa ya chini basi. Spotilaiti zinasaidia kama zimefungwa chini zikamulika barabara, ukizifunga juu usawa wa macho unajimaliza mwenyewe.

Ila taa sio hata shida kubwa, shida ni changarawe. Spidi 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde, na kama unaona mita 30 tu mbele piga hesabu mwenyewe, hapo bado hujagusa breki. Na huwezi kuamini unavyohisi, maana huoni miti ikipita pembeni, unajiona unatambaa kumbe unakimbia. Halafu ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi lisijifunge (yaani lisiache kuzunguka) ukibana breki, tunaisifia sana lakini kwenye kokoto inaweza kukuchelewesha kusimama, kwa sababu tairi likijifunga linajikusanyia kokoto mbele yake na zile kokoto ndo zinalizuia, ABS inaliachia kabla ya hapo. Ndo maana pikipiki nyingi za adivencha, zile za safari za njia mbovu, unaweza kuzima ABS ya nyuma (ya mbele iache jamani, tairi la mbele likijifunga unalala kabla hujajua).

Mimi yamenikuta. Nilikuwa nashuka gia ya pili, nimesimama kwenye vikanyagio, magoti yamebana tenki, kila taa niliyonayo nimewasha, najiona fundi kweli kweli. Kioo cha helmeti kikajaa matone, nikakifuta na glavu yenye tope, kikawa kibaya zaidi, nikakipandisha, matone yakahamia kwenye kope. Mbele nikaona kitu cheusi nikadhani kivuli. Kumbe rundo la kokoto, watengeneza barabara wamelimwaga wakaondoka, hata tawi la mti hawakuweka! Kwa uoga nikabana breki ya mbele usukani ungali umekata kona, yaani lile lile ninalowakataza wenzangu, na pikipiki ya kilo zaidi ya 200 ikalala ubavu.

Kukawa kimya, nasikia petroli tu inadondoka kwenye mawe. Halafu nikasikia lori linapanda kutoka chini, silioni. Nikaiacha pikipiki pale pale nikakimbia kushuka huku napiga kelele.

Bahati yangu yule dereva alikuwa anapanda kama anasukuma mkokoteni, kioo kimeshushwa, kichwa kiko nje, honi kila kona. Alinisikia kabla hajaniona. Tulipoinyanyua pikipiki taa bado zilikuwa zinawaka zote, nikamuuliza kweli hukuziona hizi? Akasema aliona weupe mbele, akadhani jua linataka kutoka.

Ni mimi msomaji wenu, mpanda pikipiki