Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maonyesho ya Sinema za Majaribio na za Mashabiki Sugu

Ndugu wanachama,

Taarifa hii itakaa zaidi kwenye meza ya projekta kuliko kwenye orodha ya filamu, na nina sababu. Sinema ya kawaida huvumilia mengi: picha ikififia au spika ikikwaruza, hadithi bado inamfikia mtazamaji. Filamu ya majaribio mara nyingi haina hadithi ya kuiokoa. Mwanga, mwendo wa fremu (picha moja moja zinazounda filamu) na ukimya ndiyo filamu yenyewe.

Chukueni The Flicker ya Tony Conrad, ya mwaka 1966. Kwa takriban nusu saa, karibu yote ni fremu nyeusi na nyeupe zinazopokezana kwa hesabu. Faili la fremu 24 kwa sekunde likipita kwenye kompyuta inayotuma picha mara 60 kwa sekunde, hesabu inavurugika, maana 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24: fremu moja hurudiwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na mapigo yote yanachechemea. Tiba ni kuingia kwenye mipangilio ya skrini kabla ya kufungua faili, kuweka 24, au 48 kama projekta inakubali, kisha kuzima kwenye projekta kila kitu kinachodai kulainisha mwendo. Faili lililobanwa sana nalo halifai. Weupe unajaa vigae vya kijivu. Omba kubwa kuliko unalodhani unahitaji.

Filamu hiyo ina onyo la kifafa mwanzoni, lakini mtu analisoma akiwa ameshaketi gizani. Onyo libandikwe mlangoni, litamkwe kwa Kiswahili taa zikiwa bado zinawaka, na viti vya karibu na mlango viachwe kwa anayetaka kutoka. Hili halina mjadala.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni umbo la picha. Filamu nyingi za zamani ni 4 kwa 3, upana kwa kimo, projekta zetu ni 16 kwa 9, na mashine ikiachwa yenyewe huweza kuvuta picha ijaze skrini: kila uso unanenepa kwa theluthi moja. Kwenye Meshes of the Afternoon ya Maya Deren na Alexander Hammid (1943, dakika 14), ufunguo unaotolewa mdomoni ukivutwa hivyo unaonekana kama kijiko. Chagua umbo la asili. Kwenye skrini yetu ya mita 4, picha halali ina upana wa mita 3, na weusi wa pembeni ubaki weusi.

Filamu hiyo ilitoka bila sauti. Muziki wa Teiji Ito uliongezwa mwaka 1959. Anayepanga onyesho aamue ni ipi anaonyesha na awaambie watu. Akichagua ya kimya, ukumbi nao unyamaze: mapangaboi yazimwe dakika 5 kabla, na miguu ya viti ifungwe vipande vya tyubu ya baiskeli. Kiti kimoja cha chuma kikiburuzwa sakafuni kinasikika ukumbi mzima.

Upande wa filamu za mashabiki sugu, yaani zinazopendwa na kundi dogo kwa ushabiki mkubwa, Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala (2010), inadai maandalizi tofauti kabisa. Nakala iliyosalia ina sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayechombeza na kutania juu ya filamu, na sauti hiyo ni nusu ya utamu. Mtaani kwetu inaeleweka mara moja, kwa sababu vibanda umiza vilikwisha kutulea na tafsiri za Lufufu, msimulizi wetu wa filamu za kigeni kwa Kiswahili. Punguza besi, milio ya bunduki isimfunike VJ, kisha sikiliza ukiwa mstari wa nyuma. Picha yake si kali. Usiilazimishe kwa kuongeza ukali kwenye projekta, kingo zinaota miiba.

Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali (1973) inahitaji maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Sentensi zetu huwa ndefu, kwa hiyo mistari isizidi miwili, na herufi zisizidi 42 kwa mstari. Maandishi yakiwa yamepangwa kwa fremu 25 na faili ni la 24, kwenye filamu ya dakika 90 mwishoni yanatangulia maneno kwa zaidi ya dakika 3. Jaribu dakika 10 za mwisho, si za mwanzo tu.

Umeme: angalia uniti za LUKU mapema. Projekta ya taa ikizimika ghafla, feni yake inasimama taa ikiwa ya moto, na taa hufa kabla ya wakati. UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 1,500 inatosha kuizima kwa utaratibu.

Vibali ni vya Bodi ya Filamu, na haki za kuonyesha ni za mwenye filamu. Kupatikana bure mtandaoni si ruhusa ya kuonyesha hadharani. Barua iandikwe hata kwa filamu ya dakika 4.

Naomba mkutano uidhinishe ununuzi kwa mpangilio huu: taa mpya ya projekta, mapazia meusi ya madirisha ya magharibi, kisha UPS. Taa ndiyo ya kwanza kwa sababu mwanga wa kawaida wa sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba, na taa iliyochoka hutoa karibu nusu ya uwezo wake. Mapazia yasipowekwa, maonyesho ya saa 12 jioni yasogezwe hadi saa 1:30 usiku.