Mdogo wangu, njoo kwanza usali na watu

Mdogo wangu, hujambo? Ujumbe wako nimeusoma wote na nimefurahi unauliza Ukristo ni nini hasa, maana wengi hata hawaulizi. Ila naona umejifungia ndani na simu, mahubiri ya YouTube usiku kucha, leo mchungaji huyu kesho yule, mwisho unabaki na hoja za kubishana tu. Imani hii utaielewa ukisimama katikati ya watu wanaoisali.

Angalia Misa yetu Wakatoliki inavyoanza. Kabla hata ya masomo tunasema wote "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu", mkurugenzi, mama ntilie, katekista, kila mtu anajipiga kifua, yani unaungama kwa Mungu na kwa huyo uliyekaa naye benchi moja. Peke yako chumbani utaungama kwa ndugu gani?

Na sio mambo ya juzi haya. Kwenye mwaka 155 hivi Mtakatifu Yustino, mwanafalsafa aliyekuwa Mkristo, akiwa Roma, alimwandikia Kaisari kumweleza Wakristo ni watu gani, na akamsimulia Jumapili yao: wanasoma maandiko, kiongozi anahubiri, wote wanasimama kuomba, mkate na divai vinaletwa, wasiofika mashemasi wanawapelekea, halafu wenye nacho wanatoa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Sasa yule mama wa jumuiya yetu anayepelekewa Komunyo nyumbani kwa sababu miguu imegoma, na wale wanaopitisha mchango pakitokea msiba, si ndio hicho hicho?

Mimi kilichonishika zaidi ni Ijumaa Kuu. Siku hiyo hakuna Misa, altare iko tupu, haina hata kitambaa, watu wanapanga foleni kuuabudu msalaba. Mwaka jana mbele yangu kulikuwa na bibi ameshikwa mkono na mjukuu, akainama taratibu sana, akaweka kiganja chote juu ya miguu ya Yesu akatulia hapo, na foleni nzima ikamsubiri, hakuna aliyemharakisha. Mafundisho ya msalaba niliyakariri tangu kipaimara, lakini pale niliona watu waliofiwa na wa kwao kabisa.

Kwa hiyo mwaka huu njoo. Ibada inaanza saa tisa alasiri ila fika saa nane maana viti vinajaa, nitakushikia nafasi upande wa kwaya, nyimbo usizozijua wewe simama tu na sisi.